Siku Kuku wa Mama Walipostaafu

Nilitoka ofisini mchana kwenda kununua chapati na maharagwe, na niliporudi nilimkuta mama yangu ukutani.

Kwenye ukuta wa ofisi yetu kuna skrini kubwa inayoonyesha ukurasa wa kampuni kutwa nzima. Ndani ya skrini hiyo alikuwa amesimama yeye, na leso yake ya kijani, katikati ya kuku wake wa nyumbani kwetu Mitaboni, midomo ikicheza bila sauti. Juu ya kichwa chake kampuni ilikuwa imeandika, maua yakiwa pande zote mbili: "Tunawashukuru wafugaji wetu kwa kutuamini."

Niliushika ule mfuko wa chapati kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba mama amefariki. Kwetu, ukiona picha ya mzazi wako imezungushiwa maua na hukuambiwa lolote, huwa ni tangazo la kifo. Wazo la pili ni kwamba haiwezekani, kwa sababu anatembea. La tatu ni kwamba video inaweza kuwa ya jana. Nilikuwa nimefika wazo la nne au la tano mwenzangu wa meza ya pili alipogeuka. Yeye ndiye hutengeneza mabango ya kampuni, kijana wa Syokimau asiyejua kunyamaza.

"Msee, mbona umesimama hivyo? Lete chapati, zinapoa."

"Hiyo video imetoka wapi?"

"Mashine imeipakia yenyewe. Ilipewa kijani. Huyo mathe anatusifu vizuri sana, si ucheki."

Sikuweza kucheki. Nilikaa chini na kuvaa spika za masikioni.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kampuni yetu hutengeneza chakula cha kuku. Mimi nilisomea mawasiliano, nikahitimu, nikakaa nyumbani mpaka majirani wakaacha kuniuliza nitaanza kazi lini, ndipo nikachukuliwa hapa mjini Machakos kwa muda wa majaribio. Nikapanga chumba Mumbuni. Kazi niliyopewa ilikuwa kukaa na programu ya akili mnemba inayosoma kila kinachosemwa hadharani mtandaoni kuhusu kampuni: maoni, video, malalamiko, hata vicheko. Inavipa rangi. Kijani ni sifa, manjano ni manung'uniko, nyekundu ni hatari. Meneja wetu alipenda kusema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kwamba hatukuajiriwa kungoja kulowa. Programu ilitakiwa kuona wingu, itueleze limetoka upande gani, kisha iandike rasimu ya taarifa ambayo kampuni ingetoa kwa umma kabla jina lake halijaharibika. Sifa zilizopata kijani ilizipakia yenyewe kwenye ukurasa wetu, bila kumwuliza mtu.

Pembeni mwa programu hiyo palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Uliza lolote". Mimi ni mtu wa kufikiri mambo mpaka yanachakaa. Bosi akinijibu "sawa" peke yake, mimi hukesha nalo. Kwa hiyo kisanduku kile kilikuwa kama kimewekwa kwa ajili yangu. Nilikiuliza kama "sawa" yenye nukta ni ya hasira. Nilikiuliza kama kikohozi kisichoisha ni kifua kikuu. Kilinijibu kwa upole kila mara, wala hakikuwahi kuniambia "wewe nawe".

Sasa nikasikiliza video.

"Habari zenu nyote," mama alisema. "Leo nataka kuwapongeza kuku wangu. Wamestaafu. Wote, kwa siku moja, hata hawakuandika barua. Sasa wanakula na kulala tu, wanangojea pensheni. Asanteni sana kampuni. Asanteni kwa chakula kitamu. Mungu awabariki sana, sana." Halafu akachanganya Kikamba, akamtazama jogoo, akamwambia yeye sasa ndiye mwenyekiti wa wastaafu. Wanawake waliokuwa nyuma ya kamera walicheka mpaka picha ikatikisika.

Mashine ilikuwa imesikia asante, baraka na kicheko, ikafurahi.

Haikujua kikundi cha mama. Mimi nimekulia ndani ya kile kikundi. Ni mwethya, wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu na kuchimbiana matuta ya kuzuia mmomonyoko, na siku hizi wanafuga kuku pamoja. Katika kikundi hicho hakuna mtu anayegombezwa. Ukichelewa kufika shambani, jembe lako likiwa begani na jua limeshapanda, wote huacha kazi, hujinyoosha, na kukushukuru kwa sauti. Asante kwa kuja. Asante kwa kutuonea huruma. Mungu akuzidishie miguu. Watakushukuru mpaka utamani ardhi ifunguke, na hutachelewa tena maishani. Nimewahi kuona mwanamke mzima akilia kwa sababu ya kushukuriwa.

Na kampuni yetu ilikuwa imeichukua shukrani hiyo, ikaipamba kwa maua, na kuitundika mlangoni pake yenyewe.

"Itoe," nilimwambia mwenzangu.

"Nitoe aje, na meneja ashaipenda?"

Hatukumaliza kubishana. Watu wa Kathiani na Machakos yote walikuwa wamefika kabla yetu. Maoni yalimiminika chini ya video. Mmoja aliandika kwamba kuku wake wamestaafu pia, je, wajiunge na chama kimoja. Mwingine akauliza kama kampuni itatoa saa za ukutani za kuwaaga. Rangi iligeuka kuwa manjano mbele ya macho yangu, na kabla sijameza mate ikawa nyekundu. Skrini yote ya ukutani ilikuwa nyekundu, na mama katikati yake bado anatabasamu.

Meneja alitoka chumbani kwake mbio, shati limechomoka. Si mtu mbaya. Alitoka Nairobi kuja kwetu, ana sauti ya taratibu, na hutuita vijana wangu. Lakini naye ana wakubwa wake, na simu ilikuwa inaita mkononi.

"Vijana wangu, huyu mama ni nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nilianza kuwaza: nikisema ni mama yangu, atasema nimemtuma, nikisema sikumtuma, ataniuliza kwa nini basi sikujua, na kwa kweli kwa nini sikujua? Nilipofika hapo yeye alikuwa ameshapita.

"Ametumwa," alisema. "Washindani. Hebu tuone mashine inasema nini."

Akabonyeza sehemu ya rasimu. Tukasubiri. Maneno yakaanza kujiandika kwenye ukuta, mstari baada ya mstari, kwa lugha safi kuliko yangu. Kampuni inasikitika. Kampuni inathamini wafugaji. Kisha: "Tunazo taarifa za ndani kwamba mfugaji mmoja wa Mitaboni amekuwa akichanganya chakula chetu na pumba za mahindi ili kiishe polepole, kinyume na maagizo yaliyo kwenye gunia. Kuku wanaolishwa hivyo hupunguza kutaga. Tunawaomba wateja wasipotoshwe na watu wanaoharibu bidhaa wenyewe na kisha kuilaumu kampuni."

Meneja alipiga kofi mezani. "Haya! Ndiye huyu. Mitaboni, si mmeona? Mashine imemjua."

Mwenzangu alipiga mluzi. "Imejulia wapi, lakini?"

Nilijua ilikojulia. Siku chache kabla ya hapo, mama aliniambia kwenye simu kwamba mayai yamekata. Sikumwuliza mengi. Nilipokata simu niliandika kwenye kile kisanduku: kuku wa mama yangu, Mitaboni, wameacha kutaga; anatumia chakula chetu lakini huongeza pumba kidogo kidogo; je, yaweza kuwa ni pumba? Kikanijibu, kwa upole wake ule, kwamba yawezekana. Nikalala vizuri. Nilidhani nimeuliza swali. Kumbe nilikuwa nimetoa ushahidi.

"Inatoka Jumatatu asubuhi," meneja alisema. "Mwanasheria aipitie kwanza. Na picha ya huyu mama tuiweke juu, ili watu wajue ni nani anazungumziwa."

Ilikuwa Ijumaa. Chapati zilikuwa zimekauka.

Kilichonitisha si kazi yangu. Ni kwamba nilijua jina la mama lingekuwaje hapo Mitaboni baada ya Jumatatu. Nilipopata kazi hii, mama alienda kwenye mkutano wa kikundi na kuwaambia wenzake waache vyakula vingine vyote, wanunue cha kampuni anakofanya kazi mwanawe. Walimwamini. Kila mwanamke wa kile kikundi alihamia gunia letu kwa neno lake. Kuku wa kila mmoja wao walikuwa wamestaafu. Sasa kampuni ingesema kwamba aliyewaleta ni mharibifu, anatia pumba, anadanganya.

Na pumba ni siri. Mgeni hawezi kuielewa siri hiyo. Pale kwetu kila mfugaji huongeza pumba, na kila mfugaji hukana. Gunia limeandikwa usichanganye, mwenye agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo, hukugombeza akisikia, kwa hiyo mtu huenda kwenye kinu cha kusagia unga, anabeba pumba akisema ni za ng'ombe, na anachanganya akiwa amefunga mlango wa banda. Ni aibu ndogo, kama kuongeza maji kwenye maziwa ya wageni. Jirani hamwoni jirani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Mitaboni. Mama alikuwa bandani akikwangua vyombo vya maji. Aliponiona alicheka.

"Umesikia mimi ni msanii siku hizi? Kampuni yako imeniweka na maua!"

"Mwaitu, tuketi."

Mwaitu ndilo jina la mama kwa Kikamba, na mimi husema hivyo pale tu jambo linaponilemea. Alilijua hilo. Aliacha chombo, akafuta mikono kwenye leso, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nikamweleza yote. Rangi, rasimu, picha yake, Jumatatu. Alisikiliza akitazama chini. Nilipofika kwenye pumba aliinua kichwa.

"Nani aliwaambia naongeza pumba?"

"Ni mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Mashine. Niliuliza tu kama..."

"Mashine ya nani?"

"Ya kampuni."

"Kwa hivyo," alisema polepole, kama mtu anayehesabu kuku gizani, "ulienda kwa wenye gunia, ukawaambia mama yako anatia pumba kwa gunia lao."

"Sikuwaambia wao, mwaitu. Nilikuwa na wasiwasi. Nilitaka kujua."

"Si ungeniuliza mimi? Simu yako haiko na namba yangu?"

Jibu nimelitafuta tangu siku ile. Namba yake ndiyo ya kwanza kwenye simu yangu. Nilikuwa nimemaliza kuzungumza naye dakika ile ile. Ilikuwa rahisi zaidi kumshuku mama mbele ya kitu kisichonitazama.

"Asante sana, mwana wakwa, mwanangu," akasema. "Asante kwa kunitafutia majibu. Mungu akubariki na masomo yako."

Nilikuwa nimeona mwanamke mzima akilia kwa kushukuriwa. Sasa nilijua anajisikiaje.

Mama aliokota chombo chake, akaendelea kukwangua. Kuku walimzunguka, wanono, wazuri, hawana habari. Kisha akaanza kuongea, lakini hakuwa akiongea nami hasa.

"Pumba nimeweka tangu hao kuku wa kwanza. Walikuwa wanataga. Pumba ni ile ile, mkono ni huu huu. Ni gunia la juzi ndilo limekuja na rangi ingine." Akasimama. "Na hata kama ni pumba. Wataniambia mbele za watu kitu ninachokijua mwenyewe?"

"Mwanasheria wao..."

"Toa simu."

"Mwaitu, tufikirie kwanza."

"Wewe fikiria ukishika simu. Toa."

Nikaitoa. Akaleta karai, akamimina chakula chetu, halafu akaenda pembeni, akavuta mfuko aliokuwa akiuficha nyuma ya kuni na kuuburuta hadi kwenye mwanga. Mlango wa banda aliuacha wazi. Mwanamke mmoja wa kikundi, jirani yetu wa bondeni, alikuwa anapita na mtungi wa maji; akasimama ghafla.

"Wee! Unafanya nini na mlango wazi?"

"Natengeneza chakula."

"Na watu wanaona?"

"Si ndiyo vizuri, waone. Kuja uonekane na wewe."

"Mimi sina pumba!" alisema jirani kwa haraka, akakaza mwendo.

Mama alinitazama nianze. Nilianza kurekodi kabla sijaiinua simu, mpaka mwanzo wa video ile hauonyeshi kitu ila miguu ya kuku.

"Ni mimi tena," alisema. "Yule wa wastaafu. Juzi nilifanya mzaha, leo sifanyi. Niko na kuku, niko na pumba, na sina aibu." Akamimina pumba ndani ya karai, akachanganya kwa mikono miwili, vumbi likampanda mpaka kwenye nyusi. "Hivi ndivyo mimi hufanya. Nimefanya hivi tangu kitambo, na mayai yalikuwako. Mayai yameisha gunia lilipobadilika. Kama ni mimi nimekosea, kampuni ije ipime hiki changu, na ipime hicho chao kabla sijakigusa. Na nyinyi wengine, msiniache hapa peke yangu na karai. Nani hachanganyi? Aseme."

Hakumtaja mwanawe. Nilingoja anitaje mpaka mwisho, hakunitaja.

Kwa muda baada ya kuipakia, hakuna aliyejibu. Tulikunywa chai tukiitazama simu. Niliwaza kwamba nimemaliza kumwangamiza, kwamba sasa amekiri mwenyewe, kwamba kampuni haitahitaji hata rasimu. Kisha simu ikalia mara moja. Ni yule yule jirani wa bondeni. Alikuwa ameandika: "Hata mimi huchanganya. Nilikuwa na haraka tu."

Halafu ikawa kama geti la zizi limefunguliwa. Hata mimi. Hata sisi. Mwingine akasema yeye huongeza hadi majani ya sukuma wiki, na mayai yalikuwa yakija. Mwanamume mmoja akaandika kwamba kwake mchanganyaji ni mke wake, yeye hayumo, mke akajibu hapo hapo chini, "Na jana nani alibeba mfuko?" Watu waliokuwa wamefichana kwa miaka walikuwa wanajitaja mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walisema lile lile kuhusu gunia jipya. Mama alinisihi nimsomee yote. Alikuwa akicheka, lakini hakuwa akinitazama.

Jumatatu niliingia ofisini nikiwa nimeshajiandaa kufukuzwa kwa namna kadhaa. Skrini ilikuwa nyekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Meneja alikuwa amesimama mbele yake, taarifa ya mwanasheria mkononi, haina kazi tena. Huwezi kumfichua mtu aliyejifichua.

"Alijuaje?" aliuliza, bila kugeuka. "Tulikuwa sisi watatu tu chumbani humu. Huyu mama alijuaje tutasema pumba?"

Safari hii sikujipa nafasi ya kuwaza.

"Nilimwambia mimi. Ni mama yangu."

Mwenzangu aliangusha kalamu. Meneja aligeuka taratibu, akanitazama kana kwamba ndio kwanza nimeajiriwa.

"Mama yako."

"Ndiyo."

"Na zile taarifa za ndani? Mashine ilizitoa wapi?"

"Kwangu. Niliiuliza kuhusu kuku wa nyumbani. Pale kwenye kisanduku."

Nilitegemea hasira. Sikutegemea kilichofuata. Meneja alitazama kisanduku kile chenye maneno "Uliza lolote", akatazama kompyuta yake mwenyewe kupitia mlango uliokuwa wazi, na nikaona midomo yake ikisogea kidogo, kama mtu anayekumbuka kila alichowahi kusema mbele ya mtu aliyedhani amelala.

"Inaweka kila kitu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nafikiri hivyo."

"Haki ya Mungu," mwenzangu alisema. "Mimi niliiambia mambo yote ya yule dem wangu wa zamani. Na jina lake. Na ya babake."

Hakuna aliyecheka. Tulibaki watatu tumesimama mbele ya ule wekundu, kila mmoja akipekua kichwa chake. Sijui meneja alikuwa ameandika nini kwenye kisanduku kile. Sikuuliza, na naogopa kufikiria, jambo ambalo si kawaida yangu. Ninachojua ni kwamba alirudi chumbani, akafunga mlango, na kabla ya chakula cha mchana lori la kampuni lilikuwa limetumwa kukusanya magunia mapya kutoka kwa agroveti za Mitaboni na Kathiani. Taarifa iliyotoka ilikuwa fupi na mbovu kidogo. Aliiandika yeye mwenyewe kwa kalamu. Ilisema kiwanda kilibadilisha mchanganyiko, kwamba kuku wa watu wengi wameacha kutaga, na kwamba kampuni inaomba msamaha. Haikutaja pumba.

Muda wangu wa majaribio haukuongezwa. Meneja alinipa mkono, akasema sina kosa la kufukuzwa ila hajui aniweke wapi, na nilimwelewa.

Kuku wa mama walirudi kutaga baada ya gunia kubadilishwa. Kikundi bado kinamwamini. Nasikia wamemchagua tena kuwaongoza. Nikienda nyumbani siku hizi hunipokea vizuri, hunichinjia hata kuku. Ila tukishaketi, kabla hajaniambia lolote la maana, la mjomba au la shamba au la afya yake, hunyoosha mkono bila maneno. Mimi humpa simu. Huipeleka nje, huiweka chini karibu na banda, na kuifunika kwa lile karai. Kisha hurudi, huketi karibu nami, na hungoja. Anataka nimwulize yeye.

Nami ninajifunza kumwuliza.